Akriliki, spiriti na tochi ya gesi: kipi kitakuunguza?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mchoraji, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu anayechora Tingatinga kwa rangi ya glosi, lakini tangu mwaka jana nimehamia akriliki, hasa picha za kumwaga rangi kwenye kanvasi. Ili zile duara duara zitokee, napulizia spiriti juu ya rangi mbichi kisha napitisha tochi ndogo ya gesi. Kipindi cha mvua nakausha kwa draya ya nywele, na nikiwa na haraka nasogeza kanvasi karibu na jiko. Chumba ni kimoja: nachora humo, mke wangu anapika humo kwa mtungi mdogo wa gesi, na kazi zilizokamilika nazipanga ukutani. Jirani ananiambia akriliki ni plastiki, siku moja nitaichoma nyumba. Rafiki yangu mchoraji anasema hiyo ni rangi ya maji, haiwezi kuungua. Nani mkweli? Na pia nina mteja Dodoma anataka nimtumie picha kwa basi. Joto la buti halitaiharibu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Jirani na rafiki yako wote wana ukweli, ila kila mmoja anaitazama rangi katika hali yake. Rafiki anazungumzia iliyo mbichi, jirani anazungumzia iliyokwisha kukauka. Na wote wawili wamepitwa na hatari kubwa kuliko zote iliyomo kwenye maelezo yako, ambayo wala si rangi. Ni ile spiriti unayopulizia kabla ya kupitisha tochi. Hilo liache leo. Mengine nitakayoyasema yanaweza kusubiri wiki moja mbili ukijipanga, hilo haliwezi.

Nianze na rangi yenyewe. Akriliki ya wachoraji ni maji yaliyobeba chembe ndogo mno za plastiki pamoja na unga wa rangi, kama maziwa yanavyobeba mafuta yake bila kujitenga. Sehemu kubwa ya kilichomo kwenye kopo, mara nyingi karibu nusu, ni maji. Ukishapaka, maji yanaondoka, chembe zinasogeleana, zinabanana, mwishowe zinaungana kuwa utando mmoja. Ndiyo maana ikishakauka huwezi kuirudisha kwa maji. Viwandani hutiwa pia vitu vidogo vidogo: glaikoli ya kuchelewesha kukauka, amonia kidogo ambayo ndiyo harufu ile ya kuchoma pua unapofungua kopo, na dawa ya kuzuia rangi isioze. Kwa kiasi kinachotiwa, hakuna hata kimoja kinachoweza kuifanya rangi mbichi idake moto. Njiti ya kiberiti ikidumbukia ndani ya kopo inazimika. Hapo rafiki yako ameshinda.

Sasa hiyo spiriti. Kila kimiminika kinachoungua kina kiwango chake cha joto ambapo huanza kutoa mvuke wa kutosha kudaka moto cheche ikipita juu yake. Kinachodaka ni mvuke, si kimiminika chenyewe. Kwa ethanoli tupu, ile pombe iliyomo kwenye spiriti, kiwango hicho ni nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Kwa isopropanoli, ambayo wachoraji wa video za mtandaoni wanaipenda sana, ni nyuzi 12. Spiriti ya dukani yenye maji ndani yake iko juu kidogo ya hapo, lakini bado iko chini ya joto la kawaida la chumba cha Dar es Salaam. Kwa hiyo kwako wewe spiriti haihitaji kupashwa moto kwanza. Iko tayari saa zote, asubuhi na usiku, inangoja cheche tu.

Ukiipulizia badala ya kuimimina unazidisha mambo, kwa sababu umeigeuza kuwa matone madogo yenye eneo kubwa la kutoa mvuke kwa mara moja. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu hivi, kwa hiyo haupandi darini ukapotea. Unateremka kwenye kingo za kanvasi, unatambaa juu ya meza, unashuka sakafuni. Wewe unadhani unawasha moto juu ya picha, kumbe moto unaweza kufuata njia ya mvuke mpaka miguuni, au mpaka jikoni kama mkeo ameinjika chai. Na chupa ya kupulizia bado iko mkononi au kando ya kiwiko, kifuniko kikiwa kimelowa spiriti.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui mpaka limewafika. Moto wa spiriti ni wa buluu hafifu, na mchana kweupe karibu hauonekani. Mtu huona picha imetulia, akadhani spiriti imekwisha, akaongeza. Hapo ndipo ajali mbaya kabisa hutokea: unamimina kutoka kwenye chupa juu ya moto usiouona, moto unapanda kwenye mkondo na kuingia kwenye mvuke uliomo ndani ya chupa, na chupa inatema mwali mrefu mbele yake kwa kishindo. Anayeungua mara nyingi si mwenye chupa, ni aliyesimama ng'ambo ya meza akitazama. Kama una watoto wanaopenda kukutazama ukifanya kazi, lifikirie hilo. Vitakasa mikono ni spiriti ileile, ya asilimia 60 kwenda juu. Visikudanganye kwa kuwa vizito kama uji.

Utaniuliza: duara zitatokea vipi? Nina habari njema, hazitokani na moto. Zinatokana hasa na uzito wa rangi na jinsi kila rangi inavyosambaa juu ya nyingine. Nyeupe ya titani, ambayo kwenye kopo huandikwa PW6, unga wake ni mzito zaidi ya mara nne ya maji. Nyeusi ya kaboni, PBk7, haifiki hata mara mbili. Ukimwaga nyeupe juu ya nyeusi, nyeupe inazama, nyeusi inapenya kuja juu, na pale inapotokeza unapata duara. Panga vikombe vyako kwa kufuata uzito huo, rangi nzito juu na nyepesi chini, fanya zote ziwe na wepesi mmoja wa kutiririka, na utashangaa. Ukitaka duara kubwa zaidi, tone moja au mawili ya mafuta ya silikoni kwenye kikombe yanatosha. Yale mafuta ya kung'arisha nywele ambayo kiungo chake kikuu ni dimethikoni yanafanya kazi hiyo, na hayashiki moto kirahisi hata kidogo. Hasara yake ni moja: picha ikikauka lazima uifute vizuri, la sivyo vanishi itaikimbia na kuacha madoa kama ya ndui. Zile dawa za kopo za kulainishia vitasa na minyororo ambazo wengine hutumia badala ya silikoni, ziache kabisa. Ndani yake mna mafuta mepesi na gesi ya kusukumia, vyote vya kuwaka.

Viputo navyo vina dawa zake zisizo na moto. Koroga taratibu, si kama unapiga mayai. Funika vikombe na uviache dakika 10 au 20 kabla ya kumwaga. Ukishamwaga, gonga kanvasi kwa chini mara chache. Vinavyobaki, vitoboe kwa kijiti cha meno. Nusu ya viputo ambavyo watu huvifukuza kwa tochi wamevitengeneza wenyewe kwa kukoroga kwa pupa.

Kama bado unaitaka tochi, nami najua utaitaka maana inapendeza, basi tochi peke yake juu ya rangi ya maji peke yake si jambo la kutisha likifanywa kwa adabu. Toka nje, ukae barazani pasipo upepo. Spiriti, thina na mafuta ya taa vibaki ndani, mlango umefungwa. Mwali ukae sentimita 15 hadi 20 juu ya rangi na usitulie mahali pamoja. Pitisha kama unayepiga pasi, sekunde mbili tatu, kisha ondoa. Ukiona mvuke unapanda au ukasikia harufu ya plastiki, umezidisha, na picha imekwisha kuota ngozi juu wakati chini ni maji. Itapasuka wiki ijayo. Zile tochi zinazofungwa juu ya kopo la gesi usizipindue kichwa chini mara tu baada ya kuwasha, kwa sababu gesi hutoka ikiwa bado ya maji na mwali hurefuka ghafla. Iache iwake wima kidogo kwanza. Kanvasi iwe imelazwa juu ya kitu kisichoungua, tofali au bati, si juu ya magazeti. Mikono mirefu ya nailoni ikunje au ivue. Na ndoo ya maji iwe pale pale, si ndani kwenye pipa.

Tumgeukie jirani. Akriliki ikikauka ni plastiki kweli, ndugu wa ile ya mashiti ya kioo bandia wanayotengenezea mabango ya maduka. Joto likipanda kuelekea nyuzi 300 huanza kuvunjika na kutoa mvuke unaoungua. Mwaka 1973, tarehe 2 Agosti, jumba la starehe la Summerland katika kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, liliungua. Sehemu kubwa ya kuta na paa lake zilikuwa za mashiti ya akriliki, moto ulisambaa kwa kasi ya kutisha na watu 50 wakafa. Kwa hiyo jirani hasemi upuuzi. Lakini mashiti yale yalifunika jengo zima, na wewe una utando mwembamba kuliko ukucha. Picha moja ukutani, mbali na moto, si hatari kuliko pazia lako. Kwa kweli pazia ni baya zaidi.

Kinachonisumbua ni jinsi ulivyozipanga. Picha moja ni kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu ya mbao laini, nyuma wazi, hewa inapita. Zipange 20 zikiegemeana na umejenga kichaka cha kuni kavu kilichopakwa plastiki. Pamba nayo ina tabia ya kufukuta: cheche ikiingia kwenye ukingo wa kanvasi inaweza kula taratibu bila mwali, ukalala ukidhani imezimika. Dawa ya mbu ya kuzungusha iliyowekwa chini ya picha inatosha kabisa kufanya hivyo. Mshumaa na kibatari siku umeme umekatika, hivyo hivyo.

Nilipokuwa nasoma maelezo yako nilijiuliza swali moja ambalo hukulijibu: picha hizo ziko upande gani wa mlango? Kama jiko liko karibu na mlango na ninyi mnalala upande wa ndani, au kama picha zimepangwa kwenye ukuta wa njia ya kutokea, zihamishe leo hii kabla ya kufanya jambo jingine lolote kuhusu mpangilio. Rangi, picha na jiko vyote viwe mahali ambapo vikiwaka ninyi mna pa kupita. Umbali kati ya jiko na kanvasi yoyote, mbichi au kavu, usipungue mita moja, na mimi ningependa mbili. Kukausha kanvasi jikoni, hapana. Ukiacha hatari ya moto, mvuke wa mafuta ya kupikia unaganda juu ya picha na haung'oki.

Moshi wake pia usiudharau. Plastiki na pamba vikiungua ndani ya chumba hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu na inayoua kabla moto haujakufikia. Na kuna rangi ambazo unga wake ni madini ya sumu. Tazama nyuma ya tyubu: PY35, PY37, PO20 na PR108 ni kadimiamu, njano mpaka nyekundu. Kwenye rangi mbichi au picha kavu hazina neno, lakini usizipitishie tochi wala usizisugue kwa msasa zikiwa kavu. Na kazi iliyoharibika usiitumbukize kwenye jiko la mkaa eti iwe kuni. Tyubu nyingi za bei nafuu hazina kadimiamu, zimeigiza rangi yake tu, na msimbo ndio utakaokuambia.

Kuna mtego mwingine utakaokupata siku umeenda Kariakoo kutafuta rangi ya bei poa. Si kila kopo lenye neno akriliki ni rangi ya maji. Rangi nyingi za magari ni akriliki, nazo huchanganywa na thina. Rangi za kopo la kupuliza zilizoandikwa akriliki zina vimumunyisho na gesi ya kusukumia, mara nyingi butani na propani, jamaa wa gesi iliyo kwenye mtungi wako. Vanishi nazo ziko za aina mbili, ya maji na ya tapentaini, zikikaa rafu moja na zikifanana. Hata akriliki ya kwanza kabisa iliyouzwa kwa wachoraji, Magna ya Marekani ya miaka ya 1940, ilikuwa ya kuyeyushwa kwa tapentaini. Ya maji ilikuja katikati ya miaka ya 1950. Usiamini neno la mbele ya kopo. Geuza nyuma utafute mstari wa kuoshea brashi. Kama wanasema maji na sabuni, ni yako. Kama wanasema thina au tapentaini, au kuna alama ya mwali wa moto, hiyo haiingii kwenye chumba kinachopikiwa. Ndani ya thina huwa mna asetoni, ambayo hudaka kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, au tolueni, ambayo ni nyuzi 4. Karibu na hivyo, spiriti ni mpole.

Hilo linanileta kwa mjomba wako, na naomba umpelekee salamu zangu pamoja na onyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, aliijenga sanaa hii kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na wengi wameendelea hivyo hivyo na glosi. Glosi hupunguzwa kwa tapentaini au mafuta ya taa. Tapentaini hudaka kwa nyuzi 35 hivi, mafuta ya taa kuanzia 38. Kwa mchoraji wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 20, takwimu hizo zinampa nafasi ya kupumua. Kwa anayechora chini ya bati saa saba mchana mwezi wa pili, hazimpi nafasi yoyote.

Hatari ya glosi isiyozungumzwa ni matambara. Glosi ni rangi ya mafuta, haikauki kwa kupoteza maji. Hukauka kwa kula oksijeni ya hewa, na kazi hiyo hutoa joto. Ikiwa imepakwa ubaoni joto linapotea bila wewe kulihisi. Ikiwa ndani ya rundo la matambara yaliyofinyangwa pembeni, joto halina pa kutokea. Linajilimbikiza, na baada ya saa kadhaa rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Mafuta ya linsidi ya maseremala ndiyo mabaya zaidi kwa hilo. Tarehe 23 Februari 1991 ghorofa la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, lenye ghorofa 38, liliwaka kuanzia ghorofa ya 22 kwa sababu ya matambara yenye linsidi yaliyoachwa na mafundi. Askari watatu wa zimamoto walikufa. Moto ulisimama ghorofa ya 30, palipokuwa na mabomba ya kunyunyiza maji darini. Matambara ya akriliki hayana tabia hiyo, yanakauka na kukakamaa tu. Lakini kama wewe na mjomba mnatumia ndoo moja ya taka, au kama bado unamalizia kazi kwa glosi, matambara yenye mafuta yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke kabisa, au yazamishwe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Yasikunjwe kamwe na kusukumwa chini ya kitanda.

Kukausha sasa. Dar es Salaam kipindi cha masika hewa imelowa na maji ya rangi hayana pa kwenda. Joto si dawa ya hilo, dawa ni hewa inayotembea. Feni iliyowekwa mbali kidogo, ikipuliza kandokando na si usoni mwa picha, inakausha salama kuliko draya na inatumia umeme kidogo kwa mbali. Rangi iliyomwagwa ni nene. Inahitaji siku kadhaa kukauka, na wiki kadhaa kukomaa ndani. Ukiilazimisha kwa joto juu panafunga, maji yanabaki chini, na unapata nyufa na mashimo. Draya ya nywele itumie kwa tabaka nyembamba tu, kwa upepo wa baridi au vuguvugu. Ile mashine ya hewa moto ya mafundi wa tinti za magari usiiguse kwa kazi hii. Hufika nyuzi 500 au 600, na karatasi, mbao na kanvasi vyote vinaweza kuwaka kabla ya hapo.

Draya yenyewe ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 9. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ile ekstensheni nyembamba inayobeba tayari feni, simu na redio. Ekstensheni iliyoviringishwa inapata moto zaidi. Na hili nalisisitiza kwa sababu ni letu hasa: umeme ukikatika draya ikiwa mkononi, chomoa plagi kabla hujaiweka chini. Mtu huiacha kitandani au juu ya kanvasi, anatoka kupiga soga nje gizani, umeme unarudi, na draya inaanza kazi bila mwenyewe.

Kuhusu mtungi, neno langu ni fupi: kupika na kuchora visiwe kwa wakati mmoja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, na asilimia 2 tu hewani inatosha kuwaka, kwa hiyo mlango uliofunguliwa unakusaidia kuliko dirisha la juu. Regulata na mpira, kama upo, vipake povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi, na usivipimie kwa kiberiti kama wafanyavyo wengine. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua mlango, usiwashe wala kuzima taa, tokeni nje.

Weka ndoo ya mchanga na, ukijaliwa, mtungi wa kuzimia moto wa unga, mshale wake ukiwa kwenye kijani, karibu na mlango na si karibu na jiko. Kanvasi, mbao na karatasi vikiwaka, maji yanafaa, mradi umeme umezimwa. Thina, spiriti iliyomwagika, glosi au mafuta ya kupikia yakiwaka, maji yanaweza kuueneza moto. Funika kwa mchanga, mfuniko au blanketi zito la pamba. Moto ukipita kimo chako usishindane nao. Toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aliyeungua apate maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20, si dawa ya meno, si yai, si mafuta, kisha hospitali.

Na mteja wa Dodoma. Utando wa akriliki haugandi ukawa mgumu kama kioo. Hulainika kwa joto la kawaida tu, na kwenye gari lililoegeshwa juani, ambapo joto linaweza kupita nyuzi 60, unanata. Hautawaka kwa joto hilo, ondoa shaka. Utakachopoteza ni uso wa picha: ukiifunga kwa nailoni yenye mapovu ikagusa rangi, itafika na alama za mapovu yote, na picha mbili zikitazamana uso kwa uso zitashikana. Ngoja wiki tatu nne baada ya kumwaga ndipo usafirishe. Funika uso kwa karatasi ya kuokea keki, ile isiyonata, kisha weka vipande vya kadibodi kwenye pembe nne ili kifuniko cha boksi kisiguse kanvasi. Isimame kwa ubavu, isilazwe chini ya magunia. Omba basi la usiku, na mwambie mteja aifungue siku hiyo hiyo inapofika badala ya kuiacha kwenye boksi stoo ya ofisi ya basi. Makopo ya rangi ya kupuliza, kama ameagiza na hayo, usiyaweke kwenye boksi hilo wala kwenye buti. Mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50, na buti la basi lililosimama juani njiani linaweza kufika huko.